Jina Kwenye Karatasi



Liko swali ambalo vijana wetu wanaosoma wanatuletea kila wanaporudi nyumbani wakati wa likizo. Ukilisikia mara ya kwanza utasema ni swali dogo, jambo la shule tu. Lakini ndani yake mna haki, mna huruma, mna ukweli. Nalo linagusa hata kazi zetu za kanisa na za kijiji. Swali ni hili: mwalimu ametoa kazi kwa kikundi cha watu wanane. Watatu wameifanya. Watano hawakufanya kitu, ama walifanya kidogo sana. Siku ya kutoa kazi, majina yote manane yameandikwa kwenye karatasi ya kwanza, na wote wanane wanapata pointi sawa. Je, hiyo ni haki? Na yule aliyefanya kazi, akikataa kuandika jina la mwenzake, amekosa upendo?

Msiseme kwamba neno hili ni la wasomi peke yao. Tangu Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilipoanzishwa Butembo mwaka 1989, watoto wengi wa eneo letu wamepata masomo ya juu bila kulazimika kwenda mbali hadi Kisangani ama Kinshasa. Hapa Kyavinyonge minervali ya mtoto inatoka kwenye nyavu. Baba anapita usiku juu ya maji, mama anauza samaki, na franka zinapanda kwenda Butembo. Basi mzazi ana haki ya kujua kama mtoto wake ananunuliwa akili ama ananunuliwa jina kwenye karatasi.

JINSI MAMBO YANAVYOKWENDA

Kazi hizi wanafunzi wanaziita TP. Vikundi ni vikubwa mara nyingi, kwa sababu mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi na hawezi kusahihisha karatasi ya kila mtu. Siku ya kwanza ya mkutano wote wapo. Mara ya pili wako watano. Mara ya tatu watatu. Usiku wa mwisho wawili wanakesha wakiandika, na asubuhi mmoja anakimbia kupiga kazi kwenye mashine na kutoa fotokopi. Hapo ndipo waliopotea wanaonekana. "Yaya, usisahau jina langu." Mwingine anasema, "Mimi nitatoa franka za fotokopi, uniandike." Mwingine hasemi kitu, anatazama tu, kwa sababu anajua kwamba yule anayeshika kalamu ni mtoto wa kwao na hawezi kumwaibisha.

Na kijana mwenye kalamu afanye nini? Akiandika, moyo wake unaumia. Akikataa, ataitwa mwenye kiburi na mwenye roho mbaya, na wiki ijayo atahitaji kuazima syllabus kutoka kwa mwenzake yule yule. Wengi wanaandika, halafu wananung'unika miaka mitatu. Manung'uniko hayo yanageuka kuwa chuki, na chuki hiyo inaanza na kitu kilichoitwa upendo.

UVIVU UNAJIFICHA KATIKA WINGI

Tujue kwanza kwamba jambo hili si la Butembo peke yake, wala si la kizazi hiki. Katika karne ya 19 Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, injinia wa kilimo, aliwavutisha watu kamba na kupima nguvu zao. Aliwapima mmoja mmoja, kisha wakiwa pamoja. Matokeo yake yalichapwa mwaka 1913: watu wanane wakivuta kamba moja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyotoa alipokuwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kukosa kuvuta kwa wakati mmoja. Lakini haikuwa sababu pekee. Mwaka 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Latané, Williams na Harkins, waliwaambia wanafunzi wapige makofi na kupaza sauti, na wakaona kwamba kila mtu alipunguza bidii alipodhani yuko pamoja na wengine. Miaka miwili baadaye wakaonyesha jambo la pili: wanafunzi walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata akiwa katika kundi, upungufu ule uliondoka.

Wazee wetu hawakuhitaji kipimo ili wajue hivyo. Wakati wa Mobutu, wakati wa salongo, nani hakuona mtu aliyefika na jembe begani, akangoja jina lake liitwe, kisha akatafuta kivuli? Kilichohesabiwa kilikuwa mtu kuwapo. Kazi yenyewe haikuwa na wa kuihesabu. Tena mtu yule yule, shambani kwake, alilima toka asubuhi hadi jua kali. Hakuwa mvivu wa kuzaliwa. Aliponyimwa macho ya kumtazama, alilegea.

Ndiyo maana tusikimbilie kusema, "Fulani ni mtu mbaya." Mwanadamu akijua kwamba sehemu yake haionekani, anajaribiwa. Lakini kujaribiwa si ruhusa.

MAJIBU MAWILI YASIYOTOSHA

Kuna wanaojibu, "Tuhesabu kila kitu. Aliyefanya kurasa mbili apate za kurasa mbili. Asiyefanya apate sifuri." Kuhesabu si jambo geni katika nchi hii. Si mbali na sisi, pale Ishango ambapo mto Semliki unatoka ziwani, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa mistari. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000, na wataalamu wengi wanafikiri mikato ile ilikuwa ya kuhesabu. Basi kando ya ziwa letu watu walikuwa wakihesabu kabla ya shule zote.

Lakini hesabu haitoshi. Mvuvi anajua kwamba ndani ya pirogi kazi hazilingani kwa macho. Mmoja anashusha wavu, mwingine anashika usukani, mwingine anachota maji yanayoingia. Anayechota maji hakukamata samaki hata mmoja, lakini aache kuchota uone kama samaki hao watafika pwani. Vivyo hivyo katika kikundi: kuna mwenye maneno mengi, na kuna aliyetafuta kitabu, na kuna dada aliyenakili yote kwa mwandiko safi, ambaye mara nyingi hahesabiwi kabisa. Ukihesabu kurasa tu, utamdhulumu huyo.

Wengine wanajibu kwa upande mwingine: "Sisi ni ndugu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuwaandike wote, Mungu anajua." Neno hili ni tamu, nalo linawavuta waamini kwa sababu linafanana na huruma. Lakini wazee waliotuachia methali ya kidole walituachia na nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema apewe jembe. Huruma yao ilikuwa na kazi ndani yake.

TUTAZAME MAANDIKO

Wanaotetea pointi sawa wanapenda kutaja mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Walioanza asubuhi na walioanza jioni walipata dinari moja. Kweli. Lakini tusome vizuri. Mwenye shamba alipoulizwa alijibu kwamba mali ile ni yake, na ana uhuru wa kuwa mwema kwa mali yake. Alitoa kilicho chake. Tena alilipa mbele ya wote, akianza na wa mwisho, ili wa kwanza waone. Hakuna aliyeandikwa kwamba alianza kazi asubuhi wakati alianza saa kumi na moja jioni. Wema ulikuwa mkubwa, na uongo haukuwapo.

Soma pia 1 Samweli 30. Daudi aliwafuata Waamaleki akiwa na watu 600. Kwenye kijito cha Besori watu 200 walichoka, wakashindwa kuvuka, wakabaki kulinda mizigo. Wale 400 waliporudi na mateka, wabaya kati yao walitaka kuwanyima wenzao. Daudi akakataa, akaamuru kwamba aliyekwenda vitani na aliyebaki na mizigo wagawane sawa, na neno hilo likawa sheria katika Israeli. Hapa napo sehemu zililingana. Lakini kila mtu katika jeshi alijua nani alivuka na nani alibaki. Daudi hakuwaita wale 200 mashujaa wa vita. Aliwahesabu kuwa watu waliobaki na mizigo, akawapa sehemu yao.

Sasa pima mambo hayo na habari ya Anania na Safira, Matendo 5. Hao hawakuhukumiwa kwa kuleta fedha kidogo. Petro aliwaeleza wazi kwamba shamba lilikuwa lao na fedha zilikuwa mkononi mwao. Hakuna aliyewalazimisha kutoa yote. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Mbele ya Mungu, kutoa kidogo kunavumilika. Kutoa kidogo na kutia sahihi kwamba umetoa yote ndiko kulikowaangusha.

Basi, ndugu, hapo ndipo jibu letu lilipo.

MKATE NA USHAHIDI

Kuna vitu viwili ambavyo tunavichanganya: mkate na ushahidi. Mkate, samaki, franka, nguo, nafasi ya kulala, hivyo tugawane, hata na asiyestahili, maana Mungu hunyeshea mvua waovu na wema. Lakini pointi si mkate. Pointi ni ushahidi. Ni neno ambalo shule inawaambia watu wote: "Huyu tumempima, anajua." Na jina juu ya karatasi ni ushahidi pia: "Huyu aliifanya kazi hii." Mtu anaweza kugawa mkate wake, kwa sababu ni wake. Hawezi kugawa ushahidi, kwa sababu ushahidi si mali yake. Ni mali ya wale watakaoutegemea.

Na nani watautegemea? Leo ni mwalimu anayeandika pointi. Kesho ni mama mwenye mtoto mwenye homa, anayemkuta katika kituo cha afya kijana aliyepita kwa majina ya TP za wenzake. Ni kijiji kinachojengewa daraja. Ni watoto darasani, watakaofundishwa na mtu asiyejua. Ulipoandika jina la uongo, ulidhani unampa ndugu yako zawadi. Kumbe zawadi hiyo imelipwa na mgonjwa ambaye humjui.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tulijifunza hayo kwa machozi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia kwetu, ikianzia Mangina karibu na Beni. Butembo na Katwa ziliumia sana. Hadi ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Kazi ya kuizuia ilikuwa kazi ya vikundi. Kila mtu aliyemgusa mgonjwa alipaswa kutembelewa na kupimwa joto siku kwa siku, muda wa siku 21. Fikiri sasa: kama mmoja wa wafuatiliaji angebaki nyumbani na mwenzake akamwandikia kwamba ametembelea, ni nyumba gani ingewaka moto bila mtu kujua? Na mwenzake huyo angeweza kusema alifanya kwa upendo? Karatasi ile ya kituo cha afya na karatasi ya TP ni za ukoo mmoja. Anayejizoeza uongo katika moja hatakuwa mkweli ghafula katika nyingine.

ASIYEWEZA NA ASIYETAKA

Mtume Paulo, katika barua ya pili kwa Wathesalonike, alikemea waliokaa bure. Lakini hakusema juu ya asiyeweza; alisema juu ya asiyetaka. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tuliokaa Beni na Butembo tunaijua. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika sehemu za Beni yamefukuza familia nyingi kutoka vijijini. Katika kikundi kimoja mnaweza kuwa na kijana ambaye hakuja mkutanoni kwa sababu alikuwa akiwatafuta wazazi wake. Mnaweza kuwa na dada anayelea wadogo zake na hawezi kutoka usiku. Mnaweza kuwa na yule ambaye hajala, anaona haya kusema. Kwa macho ya nje, hao wote wanafanana na mvivu.

Kwa hiyo, kabla ya kulifuta jina, nenda ukaulize. Kristo alituonyesha njia katika Mathayo 18: kwanza enda peke yako kwa ndugu yako; asiposikia, chukua mmoja ama wawili; asipowasikia, ndipo neno lifike mbele ya kusanyiko. Vijana wengi wanaigeuza njia hii. Wanaanza kwa kusemana kwenye promosyo nzima, wanamaliza kwa kumshitaki kwa asistanti, na mhusika mwenyewe hawajazungumza naye hata siku moja.

Na ukimkuta kweli hakuweza, mfanyie kama Daudi: mchukulie mzigo, lakini mbele ya wote. Mwambieni mwalimu, "Mwenzetu huyu alipatwa na hili, tunaomba apewe siku zaidi." Hiyo ni huruma inayosimama mchana. Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Hayapingani. Kuna mzigo ninaoweza kukubebea, kama njaa yako na hofu yako. Na kuna mzigo ambao nikikubebea nimekuibia, nao ni kujifunza kwako.

Tusimsahau na mtu wa tatu, yaani yule mwenye akili nyingi. Yeye naye huwa na kosa lake. Haamini wenzake, anachukua kazi yote mikononi, anakataa sentensi zao, halafu analalamika kwamba wamemwachia. Yethro alimwona Musa akiwaamua watu peke yake toka asubuhi hadi jioni, akamwambia kwamba anajichosha yeye na watu pia. Mwenye nguvu anayemeza sehemu za wengine anazaa wavivu kwa mikono yake.

BASI TUFANYE NINI?

Kwenu wanafunzi. Siku ya kwanza gawaneni kazi, na mbele ya kila sehemu andikeni jina la mtu na siku yake. Aliyechelewa mpeni sehemu ndogo anayoiweza, mketi naye, kwa maana kumpa jembe ni heshima. Aliyelipa fotokopi ashukuriwe kwa franka zake, lakini franka haziandiki sura ya pili. Na mwisho wa kazi wekeni ukurasa mmoja unaosema kwa utulivu nani alifanya nini, pamoja na yule aliyetafuta vitabu na yule aliyenakili. Wote wausome kabla haujatolewa. Ukurasa huo utawaokoa na manung'uniko.

Kwenu walimu mlio kati ya waamini. Mkiweza, fanyeni vikundi vidogo. Mkishindwa, msimamishe mtu yeyote wa kikundi na kumwuliza juu ya sehemu yoyote ya kazi. Kijana akijua kwamba ataulizwa, atasoma. Mkigawa pointi nane sawa bila kuuliza lolote, ninyi ndio mlioanza kutia sahihi ya uongo.

Kwenu wazazi. Mtoto anaposhuka kutoka Butembo baada ya deliberasyo, tunamwuliza, "Umepata ngapi?" Tumwulize na hili: "Wewe ulifanya sehemu gani?" Na asijibu kwa neno moja. Aketi, atufafanulie. Hata asiye na shule anatambua mtu anayekijua anachosema.

Na kwako kijana ambaye jina lako limo kwenye karatasi usiyoijua. Hatukuandikii ili ukimbie. Karatasi ingali ipo. Mwendee mwenzako aliyekesha, umwambie, "Yaya, nifundishe ile sehemu." Ni ngumu kusema hivyo kuliko kutoa franka za fotokopi, lakini hapo ndipo utakapoanza kuwa na kile ambacho baba yako alikilipia usiku juu ya maji.

Mungu atupe sisi sote mkono wa kusaidiana na ulimi wa kusema kweli. Amina.